Kumsomea asiyeona: urekodi nyumbani, uende studio, au uiachie mashine?

Mtu akishaamua kutoa sauti yake kwa ajili ya vitabu vya wasioona, jambo la kwanza analouliza huwa ni kipaza sauti gani anunue. Swali hilo lina zamu yake, ila si hii. Kwanza jiulize huyo atakayesikiliza ana shughuli gani na kitabu. Atakisikiliza mara moja, mwanzo hadi mwisho, akiwa amejilaza? Au atakuwa anarudi kila mara kuutafuta ukurasa wa 84, aya ya tatu, kwa sababu kesho ana mtihani? Nimerekodi vitabu vya aina zote mbili, na yaliyonipatia sifa kwenye kimoja yaliniletea lawama kwenye kingine.

Halafu wasikilizaji wenyewe si wasioona peke yao. Mkataba wa Marrakesh, ule wa kimataifa kuhusu nakala za vitabu kwa wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unawataja pia wenye uoni hafifu, wenye ulemavu wa kusoma, na wale ambao mwili hauwaruhusu kushika kitabu au kukikazia macho. Mwenye disleksia anaiona karatasi vizuri kabisa, herufi ndizo zinazomchezea. Tutamrudia huko mbele, maana sauti pekee haimtoshi.

Njia zenyewe ni tatu. Nimeziweka ubavu kwa ubavu, kisha nitaeleza kwa nini jedwali hili halisemi yote.

| | Nyumbani, peke yako | Studio, pamoja na mfuatiliaji (anayekusikiliza akiwa na kitabu) | Sauti ya mashine |
|---|---|---|---|
| Kazi kwa kila saa 1 ya sauti iliyokamilika | saa 3, hata 5 kwa anayeanza | saa 2 hivi, lakini ni za watu wawili | dakika chache, baada ya siku kadhaa za kusafisha matini ya kitabu kizima |
| Makosa yanayobaki | ya kutojisikia mwenyewe | machache | yaleyale, kitabu kizima |
| Kurekebisha neno moja | kurekodi sentensi upya, kwa sauti ya siku nyingine | hivyohivyo, ila chumba hakibadiliki | kubadilisha herufi na kutoa faili upya |
| Panapoifaa zaidi | riwaya, wasifu, mashairi | vitabu vya kiada, sayansi, sheria | marejeo, kumbukumbu za mikutano, habari za leo |

Nyumbani

Faida ya nyumbani ni uhuru. Unasoma alfajiri kabla watu hawajaamka, unaacha ukichoka, unarudi ukipenda. Hasara yake ni kwamba sikio linalohukumu ni la mkosaji mwenyewe. Mtu anaposoma kwa sauti, jicho hutangulia mdomo, na akili hujaza kile ambacho jicho limekiruka. Niliwahi kusoma "aliomba msamaha" mahali palipoandikwa "aliombwa msamaha". Ni w moja tu, lakini hatia ya ugomvi wa sura nzima ikahama kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Nilihariri sura ile, nikaisikiliza tena, nisisikie kitu. Msikilizaji ndiye aliyeniuliza imekuwaje mwanamke aombe radhi kisha ukurasa unaofuata asifiwe kwa kusamehe.

Kiswahili kina mitego mingi ya aina hii. Kitu kizima cha maana kinaweza kukaa kwenye silabi moja katikati ya kitenzi, na anayesoma haraka huimeza. Mwenye kitabu mkononi akitilia shaka neno atalitazama tena. Mwenye sauti masikioni hana pa kutazama, analo lile ulilomwambia tu.

Kuhusu muda, usikopi hesabu za Kiingereza. Wao huhesabu maneno 150 hivi kwa dakika, lakini neno letu moja kama "hatukuwaambia" lina kazi ya maneno manne au matano ya kwao. Mimi huenda kwa maneno 110 hadi 120. Kitabu cha maneno 60,000 basi kinanipa karibu saa 9 za sauti iliyokamilika, na kila saa hunila saa tatu za kazi nisipokuwa na mafua.

Vifaa sitakaa navyo sana. Chumba kina uzito kuliko kipaza sauti: kaa karibu na nguo nyingi zilizotundikwa, mapazia mazito, godoro, chochote kinachomeza mwangwi. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kipaza sauti, na ukielekeze pembeni kidogo ili p na b zisilipuke. Zima friji kama unaisikia, halafu kumbuka kuiwasha. Kinywa kikianza kutoa vile vilio vidogo vya mate, kipande cha tofaa husaidia kuliko maji matupu. Na kila unapoanza, sikiliza kwanza dakika mbili za mwisho za jana, kwa sababu sauti ya asubuhi na ya jioni si ndugu.

Studio, na sikio la pili

Watu hudhani kinacholipiwa studioni ni zile kuta zenye sifongo. Kuta unaweza kuziiga nyumbani. Usichoweza kuiga ni yule mtu anayekaa upande wa pili akiwa na nakala ya kitabu, anafuata neno kwa neno, na kukusimamisha papo hapo: "Umesema aliomba, ni aliombwa." Mnarudi sentensi moja nyuma, mnarekodi juu yake, mnaendelea. Kosa linakufa kabla halijapoa, na kazi ya kuhariri baadaye inakuwa nyepesi mno.

Kwa vitabu vya masomo sioni mbadala wake. Shirika la Recording for the Blind lilianza New York mwaka 1948, likianzishwa na Anne T. Macdonald, kwa sababu askari waliopoteza macho vitani walitaka kwenda chuo kikuu na hapakuwa na vitabu vya kiada walivyoweza kuvisoma. Watu wa kujitolea wakawasomea. Shirika hilo bado lipo, siku hizi linaitwa Learning Ally. Fundisho ninalolichukua kwao ni dogo na gumu: kitabu cha kemia kisomwe na anayeijua kemia. Asiyejua atasoma kila alama kwa usahihi na bado mstari usieleweke, kwa kuwa hajui wapi pa kupumua ndani ya mlinganyo. Mfuatiliaji naye awe anajua. Watu wawili wasioelewa hesabu hawazai mmoja anayeielewa.

Hasara ya studio ni ratiba. Lazima watu wawili wapatikane kwa wakati mmoja, chumba kiwe huru, na sauti yako iwe haijakauka. Baada ya saa moja na nusu ya kusoma mfululizo, sauti ya wengi huanza kushuka mwishoni mwa sentensi, na msomaji mwenyewe hajui. Kitabu cha saa 12 kinaweza kuchukua miezi. Mwanafunzi anayekihitaji wiki ijayo hawezi kungoja miezi, na hapo ndipo mashine inapoingia bila kubisha hodi.

Mashine

Tangu mwaka 1976, mvumbuzi wa Marekani Ray Kurzweil alipoonyesha mashine yake ya kusomea yenye ukubwa wa meza, mambo yamehamia mfukoni. Kwa Kiswahili kuna sauti ya eSpeak NG, ambayo huja pamoja na NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini. Zipo pia sauti mpya za Microsoft zilizofunzwa kutokana na sauti za watu: Zuri na Rafiki kwa lafudhi ya Kenya, Rehema na Daudi kwa ya Tanzania. Anayesikia eSpeak kwa mara ya kwanza hushtuka, maana inasema kama bati. Lakini mtumiaji mzoefu huiongeza kasi hadi wewe na mimi tusikie mchakarisho tu, na yeye anaelewa kila neno, kwani silabi zake hubaki zimekatika wazi hata zikienda mbio. Uzuri wa sauti na ufaafu wake ni vitu viwili.

Penye walakini ni matini inayoingia ndani. Chukua tarakimu. Mashine nyingi zikikuta "watu 3" husoma "watu tatu", na "miaka 2" huwa "miaka mbili". Hazijui ngeli. Ukitaka "watatu" na "miwili", andika kwa herufi kabla hujaipa faili. Chukua mkazo: barabara ya magari ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno yetu mengi, lakini "barabara" ya kumaanisha sawasawa mkazo wake uko nyuma zaidi, na mashine haijui ni ipi uliyokusudia. Neno "walakini" nalo ni hivyohivyo, lile la "lakini" na lile la kasoro. Chukua swali: "Amekuja?" na "Amekuja." hutofautiana kwa kiimbo tu, na baadhi ya mashine huvipitisha vyote kwa mstari mmoja ulionyooka. Ongeza vifupisho kama n.k. na k.m., majina ya kigeni, na uchafu wa skana inayoona "rn" badala ya "m" ukaletewa "rnama" katikati ya simulizi la huzuni.

Hata hivyo mashine ina fadhila moja ambayo binadamu hana: hukosea kwa uaminifu. Ikikosea jina la mtu ukurasa wa 5, italikosea vilevile ukurasa wa 300. Ukilipata kosa mara moja, unalitafuta na kulibadilisha kitabu kizima kwa dakika moja. Mimi nikikosea jina, nalikosea kwa namna tatu tofauti.

Ukiitumia, sema mwanzoni mwa kitabu kwamba kimesomwa na mashine. Msikilizaji akijua, hatashangaa "watu tatu" iliyokuponyoka. Asipojua, atadhani mwandishi hajui lugha.

Kusoma au kuigiza

Hapa ndipo wasomaji wapya wanapogombana, na mimi nina upande wangu. Kitabu cha kuuzwa madukani huweza kuigizwa: sauti ya kikongwe, kilio, kicheko, muziki. Kitabu cha asiyeona, kwa desturi ya muda mrefu, husomwa wazi. Alexander Scourby, mwigizaji wa Marekani aliyewasomea wasioona zaidi ya vitabu 400, alikuwa na uwezo wote wa jukwaani, na bado kazi yake katika vitabu hivyo ilikuwa kumfikisha mwandishi kwa msikilizaji. Aonaye hujipatia mwenyewe sauti ya kila mhusika kichwani. Kwa nini asiyeona apewe ya kwako kwa lazima?

Sababu ya pili ni kasi. Wasikilizaji wengi wazoefu hawasikilizi kwa mwendo wa kawaida; wanaongeza mara moja na nusu, mara mbili, wengine zaidi. Kunong'ona kwako kulikokuwa kutamu studioni, kwa mwendo huo kunageuka upepo. Ukelele wako unakuwa msumari. Na aliye ndani ya gari lenye kelele hupandisha sauti wakati wa mnong'ono, kisha hupigwa ngumi ya sikio kwenye ukelele. Soma kwa kimo kimoja cha sauti, tamka miisho ya maneno, acha maana ifanye kazi.

Lakini usomaji wazi ukiuchukua mzima kama ulivyo katika Kiingereza, Kiswahili kitakuumbua. Lugha yetu haina tofauti ya "yeye" mwanamume na "yeye" mwanamke. Katika majibizano marefu, "akasema... akajibu... akamwambia" haimwambii msikilizaji nani ni nani. Kwenye karatasi mistari inapopishana husaidia, masikioni hakuna mistari. Kwa hiyo mimi hutia kivuli: mmoja namshusha nusu hatua, mwingine namharakisha kidogo. Si kuigiza, ni kuweka alama ya nukuu inayosikika. Hili mashine hailiwezi, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kutoipa riwaya yenye mazungumzo mengi.

Mashairi nayo ni ya mtu. Shairi la mizani 16 hukatika katikati, nane kwa nane, na pumzi ya msomaji ndiyo inayoonyesha kina cha kati. Mashine hupumzika penye alama ya kituo tu, na mshairi mara nyingi hakuiweka hapo.

Chochote utakachochagua, soma kitabu chote: jalada la nyuma, ukurasa wa hakimiliki, maelezo chini ya picha. Sema "tanbihi" unapoingia na "mwisho wa tanbihi" unapotoka. Picha ieleze kwa yale ambayo matini haijayasema. Ikiwa aya imeshasema mzee ana ndevu nyeupe, usimrudie ndevu. Jedwali litangulizie idadi ya safu wima na mistari, ndipo uanze.

Faili tupu au DAISY

Hili halihusu sauti kabisa, lakini limewaudhi wasikilizaji wangu kuliko lafudhi yangu. Vitabu vya kusikiliza vilivyoanza kutolewa kwa wasioona Uingereza mwaka 1935 vilikuwa kwenye sahani za santuri, kila upande dakika 25 hivi. Msikilizaji aliinuka, akageuza, akaketi. Leo tunampa faili moja la saa 9 na kumwambia amepata maendeleo. Akipoteza mahali alipoishia, yule wa santuri alikuwa na afueni kuliko yeye.

DAISY ni muundo uliozaliwa kutokana na kazi ya maktaba ya vitabu vya kusikiliza ya Sweden, kisha ukasimamiwa na muungano wa kimataifa ulioundwa mwaka 1996. Ndani yake sauti imefungwa kwenye ramani: sehemu, sura, kichwa kidogo, hadi ngazi sita, pamoja na kurasa na sentensi. Msikilizaji huruka kutoka sura hadi sura, huenda moja kwa moja ukurasa wa 84, na anaweza kuzima tanbihi au namba za kurasa zisisomwe. Obi, programu ya bure ya muungano huohuo, inakuwezesha kurekodi ukiweka ramani hiyo wakati unasoma, na imetengenezwa ili hata mtayarishaji asiyeona aitumie.

Kwa riwaya ya kusikilizwa mara moja, faili za MP3 za sura kwa sura zinatosha, na zinafunguka kwenye simu yoyote. Sharti moja tu: zipe majina yanayoanza na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, vifaa vingi vitaicheza sura ya 10 mara baada ya ya 1, na msikilizaji atajua muuaji ni nani kabla maiti haijapatikana. Kwa kitabu cha masomo, MP3 peke yake ni dharau.

Na yule mwenye disleksia? Mpe EPUB 3, muundo wa kitabu cha kielektroniki, au DAISY yenye matini na sauti pamoja, ambapo neno au sentensi inayosomwa hung'aa kwenye skrini. Thorium Reader, programu ya kusomea ambayo pia ni ya bure, huzifungua zote. Kama matini tayari iko safi, hapa sauti ya mashine inaweza kumfaa kuliko yangu, kwani ulinganifu wa neno na sauti hutoka wenyewe.

Ruhusa

Kwa ufupi: nchi iliyoingiza Mkataba wa Marrakesh katika sheria zake huruhusu taasisi zilizoidhinishwa na walengwa wenyewe kutengeneza nakala ambayo walengwa wanaweza kuisoma au kuisikiliza, bila kumwomba mwenye hakimiliki. Nakala hiyo ni ya walengwa tu, haitupwi mtandaoni kwa kila mtu. Ukitaka kurekodi kitu ambacho yeyote duniani anaweza kukisikiliza, chagua kitabu kilichoisha muda wa hakimiliki, kama wafanyavyo wasomaji wa kujitolea wa LibriVox tangu mwaka 2005. Sauti ya mashine nayo ina masharti yake ya kusambaza. Yasome kabla hujatoa faili la kwanza.

Ningechagua nini

Kitabu cha kiada: studio na mfuatiliaji, kwa DAISY, hata kama ni polepole. Kikihitajika wiki ijayo, mashine kwanza ili mwanafunzi asikae mikono mitupu, na ya mtu ifuate. Riwaya, wasifu na mashairi: nyumbani, mradi umpate rafiki wa kusikiliza akiwa na kitabu mkononi kabla hujatoa. Hilo linakupa nusu ya faida ya studio bila kutoka nje. Kamusi, orodha, miongozo ya vifaa, gazeti la leo: mashine, wala usijione mkosefu, hakuna anayesubiri ladha ya sauti kwenye mwongozo wa kichapishi.

Kabla hujajifunga na kitabu kizima, tengeneza dakika kumi za kuonja. Ziwe na mazungumzo ya watu wawili, jedwali moja na jina moja la kigeni. Kama bado unasitasita kati ya sauti yako na ya mashine, tengeneza zote mbili. Mpe msikilizaji azicheze kwenye kifaa chake mwenyewe, kwa kasi aliyoizoea, kisha akujibu kwa ujumbe. Usiwepo chumbani. Ukiwepo atakusifu.